Bila kiongozi, kwa kadi au kwa kijiti: njia tatu za kupiga muziki huru wa papo kwa papo

Kikundi cha muziki huru wa papo kwa papo hakina nota, hakina wimbo, hakina ufunguo wala mdundo uliokubaliwa. Maswali ambayo bendi ya kawaida huwa imeyamaliza mazoezini, yaani nani aanze, nani afuate na nani asimamishe, hapa hujibiwa muziki ukiwa unapigwa, tena mbele ya watu. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1960 muziki huu umekuwa ukitajwa pamoja na demokrasia. Undugu huo upo kweli, lakini si wa aina moja. Kuna njia isiyo na kiongozi kabisa, kuna ya kadi, na kuna ya kumpa mtu mmoja kijiti cha kuongozea. Anayeanzisha kikundi inabidi achague, na mara nyingi watu huchagua kwa jina zuri la njia badala ya kuangalia idadi yao na muda walio nao.

Tutenganishe jambo moja kwanza. Mpiga kanuni wa taarab akipiga taksim anabuni, ila yuko ndani ya makamu fulani, yaani mpangilio maalumu wa sauti, na msikilizaji anayajua mapito yake. Mpiga solo kwenye sebene anabuni pia, lakini gitaa la ridhimu na besi wameshamtandikia. Muziki tunaouzungumzia hapa umekunja mkeka huo. Derek Bailey, mpiga gitaa mzaliwa wa Sheffield, aliutofautisha na ubunifu mwingine wote kwa hoja kwamba haujifungi na mtindo wowote. Kwa hiyo ufundi wa mtu kwenye mtindo wake haumsaidii sana siku ya kwanza. Wakati mwingine humzuia, maana vidole vinakimbilia vilivyozoea.

Bila kiongozi

Kundi la AMM lilianza London mwaka 1965: Eddie Prévost kwenye dramu, Lou Gare kwenye saksafoni, na Keith Rowe kwenye gitaa ambalo baadaye alililaza mezani na kulichokonoa kama fundi redio. Mtunzi Cornelius Cardew alijiunga nao mwaka uliofuata. Januari 1966 mpiga dramu John Stevens na wenzake wa Spontaneous Music Ensemble walianza kupiga Little Theatre Club, ukumbi mdogo wa katikati ya jiji hilohilo, usiku baada ya tamthilia kumalizika. Katika mazingira hayo wakaingia pia Waafrika Kusini wa Blue Notes, kundi lililoondoka kwao mwaka 1964 likiwa na mpiga piano Mzungu, Chris McGregor, na wenzake Waafrika, wakati utawala wa ubaguzi wa rangi ukiuandama mchanganyiko wa aina hiyo jukwaani. Kwa Johnny Dyani na Louis Moholo wa kundi hilo, nani anaruhusiwa kupiga na nani halikuwa swali la kinadharia.

Njia hii inategemea kitu kimoja: kila mmoja awasikie wote. Sasa piga hesabu. Watu 4 wana jozi 6 za kusikilizana. Watu 8 wana jozi 28. Watu 15 wana jozi 105. Sikio halifuati jozi 105, kwa hiyo kundi la watu 15 lisilo na kiongozi hugeuka kuwa watu 15 waliokaa chumba kimoja. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hapa mara nyingi shida haitokani na ubishi wa manahodha. Wanakuwa hawasikiani tu. Watu 3 hadi 5 ndio kiwango chake. Kuanzia 7 kazi inakuwa ngumu hata kwa wazoefu.

Kinachoharibika kwanza ni ukubwa wa sauti. Stevens alikuwa na kanuni rahisi: ukiona humsikii mwenzako, wewe ndiye unayepiga kwa nguvu mno. Kanuni hiyo haitoshi kuitaja tu. Lazima chumba kipangwe ili iwezekane. Mpiga gitaa huweka amplifaya sakafuni nyuma yake, sauti inapita kwenye magoti yake, hajisikii, anaongeza, na mwenzake aliyekaa upande wa pili anapigwa nayo usoni. Iweke juu ya kiti, ielekee sikio la mpigaji mwenyewe. Kaeni duara, mita 2 hivi kati ya mtu na mtu. Kisha mwenye chombo kinyonge kuliko vyote, tuseme sauti ya mtu bila maiki, aanze peke yake, na wengine waongezeke mmoja mmoja, kila mmoja kwa kiwango kinachoacha chombo kile kisikike bado. Hapo ndipo vifundo vya kuongezea sauti vinaachwa bila kuguswa tena. Mwenye dramu kwa wiki za mwanzo atumie mikono au brashi, na kitambaa juu ya ngoma ndogo.

La pili ni umbo la kilima. Kila kipande kinaanza taratibu, kinapanda, kinafika kileleni, kinashuka, kinafifia. Ukisikia vipande vitano mfululizo vyenye kilima kilekile, ujue hakuna anayethubutu kukata. Dawa yake ni kupiga vipande vya dakika 3 tu, na kukubaliana kwamba yeyote anaweza kunyamaza ghafla wakati wowote bila wengine kukimbilia kujaza pengo lake. Kimya kisichojazwa ndicho kinachowatia hofu wanaoanza kuliko kitu kingine chochote.

La tatu ni kuigana. Mmoja anapiga kipande cha sauti, wa pili anakirudia, wa tatu anakirudia. Inaonekana kama heshima, lakini baada ya dakika mbili hakuna jipya. Hapa ndipo muziki huu unapoachana na siasa za kura. Msemo wetu wa "wengi wape" haufanyi kazi ndani yake: wanne wakitwanga kwa nguvu na wa tano akashikilia sauti moja ndefu nyembamba, wa tano hajashindwa. Sauti yake imewabadilisha wale wanne. Sasa wanasikika kama mvua inayopiga bati la nyumba ya mtu aliyelala. Mchache hapa hahitaji kura ili awe na uzito. Anachohitaji ni nafasi ya kusikika, ndiyo maana tumekazania sana vifundo vya amplifaya.

Mazoezi mawili ya Stevens yanatosha kwa mwezi wa kwanza. La kwanza: kila mtu anatoa sauti fupi kuliko zote anazoweza kwenye chombo chake, mdonoo tu, bila kupanga mdundo, akisikiliza midonoo ya wengine. Watu wasiojua muziki kabisa wanaweza kulifanya, na mdundo wa kundi hujitokeza wenyewe bila mwenye nao. Likiharibika ni kwa sababu mtu ameanza kupiga mdundo wake wa kawaida. Mwambie afupishe zaidi. La pili: kila mmoja anashika sauti moja kwa urefu wa pumzi yake, anavuta pumzi bila haraka, anashika tena. Kwa wapiga nyuzi pumzi bado ndiyo kipimo, si upinde.

Kwa watu 6, msipige wote pamoja. Pigeni watatu watatu. Watu 6 wanatoa vikundi 20 tofauti vya watu watatu. Kwa dakika 5 kila kimoja ni dakika 100, mazoezi ya jioni moja, na kila mtu ameshapiga mara 10 na kusikiliza mara 10. Hakuna zoezi jingine linalofundisha haraka hivyo nani anambana nani.

Maana kubanana kupo. Kosa kubwa la njia hii ni kudhani kwamba mahali pasipo na kiongozi hapana utawala. Mwenye dramu anatawala kwa decibeli, mzoefu anatawala kwa kuanza kila kipande, na anayewaalika watu nyumbani kwake anatawala kwa kuwa yeye ndiye mwenye orodha. Mwaka 1977 mwimbaji Maggie Nicols na mpiga basuni Lindsay Cooper walianzisha Feminist Improvising Group huko London, kwa sababu uwanja uliojiita huru ulikuwa umejaa wanaume na milango yake haikuwa wazi kama ilivyosemwa. Kupima ni rahisi: weka simu katikati, rekodi dakika 10, kisha sikilizeni na kuandika kila mtu amepiga kwa dakika ngapi. Katika kundi la watu watano, mtu aliyepiga dakika 9 kati ya 10 hahitaji kuhubiriwa. Mwonyesheni namba.

Kwa kadi

Mfano unaojulikana zaidi ni Cobra wa John Zorn, wa New York, mwaka 1984, aliouchukulia jina kutoka mchezo wa vita wa mezani. Mtu mmoja anakaa mbele na kadi. Kadi haisemi upige nini. Inasema nani apige na mabadiliko yaje lini. Ajabu yake ni kwamba mwenye kadi haamui mwenyewe. Wapigaji ndio wanaoomba: mtu anagusa pua, sikio, mdomo au kichwa, anaonyesha namba kwa vidole, na mwenye kadi akikubali anainyanyua kadi inayohusika. Anaweza pia kumpuuza. Anafanana zaidi na spika wa bunge kuliko kondakta.

Kuna na uasi uliowekewa utaratibu. Mpigaji akivaa kitambaa kichwani anakuwa mpiganaji wa msituni: hatii tena kadi, na anaweza kuwaongoza wenzake kwa ishara zake mwenyewe, huku mchezo ukiwa na njia za kumzima. Ni mara chache kuona katiba inayoandika kifungu cha kuiasi.

Zorn hakuzichapisha sheria kama kitabu cha kununua. Zimepita kwa mdomo na kwa mazoezi. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta nakala kamili. Tengeneza mchezo wenu. Kadi 6 zinatosha, za karatasi ya manila ukubwa wa A4, kila moja na rangi yake na namba ya kimo cha sentimita 15, isomeke kutoka mita 5:

1. Waliokuwa wakipiga wanyamaze, waliokuwa kimya waingie.
2. Wawili tu; aliyeomba anamchagua mwenzake kwa macho.
3. Hifadhi: kumbukeni mnachopiga sasa hivi.
4. Rudini kwenye kilichohifadhiwa.
5. Endeleeni na vilevile, lakini kwa sauti ya chini kabisa.
6. Mwisho.

Kadi inanyanyuliwa na kushikiliwa sekunde 2 au 3, wote waione. Haifanyi kazi ikiwa juu. Inafanya kazi inaposhushwa kwa kishindo. Hilo ndilo jambo linalokosewa zaidi. Mwenye kadi akiishusha kwa uvivu, nusu ya kundi inabadilika na nusu inangoja, na wasikilizaji wanaona fujo.

Kosa jingine ni la waombaji. Kuna mtu atakayeomba kila sekunde tatu kwa sababu mchezo unamfurahisha, na kuna mwingine hatainua mkono usiku mzima. Tunapendekeza kete za bao. Kila mpigaji apewe 4, kila ombi linalokubaliwa lilipiwe kete 1, na asiyebakiwa na kete asiombe tena hadi kila mmoja awe ametumia angalau 1. Kwa watu 12 hizo ni kete 48. Onyesho la dakika 30 litakuwa na badiliko moja kila sekunde 37 hivi kama zote zikitumika, kasi ambayo msikilizaji anaifuata bila kuchoka.

Hasara halisi ya kadi ni macho. Watu wakikodolea kadi wanaacha kusikiliza, na muziki unakuwa msururu wa vipande visivyojuana. Kwa kipimo chetu, mchezo umeiva pale dakika mbili nzima zinapopita bila mtu kuomba chochote, na hakuna anayeona vibaya.

Kwa kijiti

Lawrence "Butch" Morris alifanya onyesho lake la kwanza la namba katika njia hii tarehe 1 Februari 1985 kwenye ukumbi wa The Kitchen, New York, na akaendelea kuyahesabu maonyesho yake kwa namba hadi karibu na kifo chake mwaka 2013. Alisimama mbele na kijiti kama kondakta wa okestra, lakini bila nota. Ishara zake zilisema shikilia, rudia, kumbuka, badilika. Sauti yenyewe ilitoka kwa mpigaji. Kabla yake, mwaka 1974, Walter Thompson alikuwa ameanza Soundpainting huko Woodstock, lugha ya mikono ambayo sentensi yake ina mpangilio maalumu: nani, nini, vipi, lini. Msichanganye ishara za mifumo miwili katika kikundi kimoja. Zinafanana kwa mbali na zinamaanisha vitu tofauti, na mpigaji akisitasita nusu sekunde wakati umeshapita.

Ishara tano zinatosha kwa siku ya kwanza: ingia, shikilia, rudia, kumbuka, acha. Dakika 40 za kuzifundisha, dakika 40 za kuzipiga, na kundi la watu 20 wasiojuana linaweza kusimama jukwaani jioni hiyohiyo. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoweza hilo.

Je, huo si udikteta? Wengi huishia hapo na kuikataa njia. Sisi tunaona wanakosea nusu. Katika kundi la watu 20, mwenye zumari mwenye aibu hatapata dakika hata moja peke yake bila mtu wa kuwanyamazisha wengine. Mwenye kijiti mzuri humpa. Kilicho cha kidikteta si kijiti chenyewe, ni kukishika mtu yuleyule kila siku. London Improvisers Orchestra, iliyoanza mwaka 1998 baada ya ziara ya Morris nchini Uingereza, ilipata jibu: wanachama wake wanapokezana kijiti, na katikati ya vipande vilivyoongozwa wanaweka vingine visivyoongozwa na yeyote.

Mwenye kijiti huharibu kwa namna tatu. Anatoa ishara mpya kabla ya ile ya kwanza kusikika. Ajizuie angalau sekunde 20. Anatazama chini kufikiri, na watu 20 wanabaki wamening'inia. Na, mbaya zaidi, ana wimbo wake kichwani na anawatumia watu kama vitufe vya kinanda. Huyo utamtambua kwa uso unaokunjamana mtu anapopiga kitu asichokitarajia. Mlazimishe awe na dakika 2 katika kila kipande ambapo anashusha kijiti na kukaa chini kabisa.

| | Bila kiongozi | Kadi | Kijiti |
|---|---|---|---|
| Idadi inayofaa | 3–5 | 8–14 | 12–25 |
| Maandalizi kabla ya onyesho | miezi | vikao 4–6 | kikao 1 |
| Vifaa | hakuna | kadi 6, kete | kijiti au mkono tu |
| Nani anamaliza kipande | yeyote, au hakuna | mwombaji kupitia mwenye kadi | mwenye kijiti |
| Nani anaumia | mwenye chombo kinyonge | asiyependa kuomba | mwenye mawazo yake |

Watu 6 au 7 hawamo kwenye jedwali kwa makusudi. Ni wengi mno kusikilizana vizuri wote kwa pamoja, na wachache mno kwa kadi, kwani kadi ya kubadilishana ikitoka wanabaki watatu watatu walewale. Kundi kama hilo lipige kwa watatu watatu kama tulivyoeleza, hata mbele ya hadhira.

Neno fupi kuhusu katiba

Njia ya nne, ya maelekezo yaliyoandikwa kwa maneno, hatuipendekezi kwa kuanzia, ila historia yake ina funzo kwa zote tatu. Mwaka 1969 Cardew, Michael Parsons na Howard Skempton walianzisha Scratch Orchestra huko London, na rasimu ya katiba yake ikachapishwa kwenye jarida mwezi Juni mwaka huohuo. Waliojua nota na wasiojua walikaribishwa sawa. Kifungu kimoja tunakipenda sana: kila mwanachama alikuwa na zamu ya kupanga onyesho zima, na zamu zilianza kwa mdogo kuliko wote kwa umri. Ukitaka kuiba kitu kimoja kutoka kwao, iba hicho. Kwenye kijiti, mdogo ashike wa kwanza. Kwenye kadi, mdogo akae mbele wa kwanza. Ukianza na mzoefu, wote watakaofuata watamwiga.

Kilichowashinda hao hakikuwa muziki. Kuanzia mwaka 1971 malalamiko ya wanachama yalikusanywa kwa maandishi, mjadala ukaelekea kwenye siasa, wengine wakitaka muziki uwatumikie wafanyakazi moja kwa moja, na miaka michache baadaye kundi likawa limekwisha. Katiba ilikuwa imeeleza vizuri nani apange onyesho, lakini si namna ya watu kutofautiana na kuendelea kukaa pamoja.

Chicago waliingilia mlango mwingine. AACM, chama cha wanamuziki kilichoundwa mwaka 1965 na Muhal Richard Abrams na wenzake, hakikushurutisha watu kupiga kwa njia moja. Kilishurutisha kitu kimoja, kwamba kila mwanachama alete muziki wake mwenyewe, na baadaye kikaendesha shule ya muziki isiyolipiwa. Usawa wao ulikaa kwenye mikutano na kwenye ratiba ya kumbi. Jukwaani mwenye kazi aliiongoza atakavyo. Kwa kikundi chenye watu wenye mapenzi tofauti, huenda huo ndio mpangilio wa kudumu kuliko yote.

Basi andikeni ukurasa mmoja kabla ya onyesho la kwanza. Uwe na idadi ya watu mnayokubali kabla ya kugawanyika vikundi viwili, zamu za kijiti au kadi kwa majina, na anayeruhusiwa kumwalika mgeni. Kuhusu rekodi, katika muziki huu hakuna mtunzi mmoja: waliopiga ndio waliotunga. Sajilini kila rekodi kwa majina ya wote waliosikika ndani yake, kwa mafungu yaliyo sawa, hata yule aliyepiga sauti nne tu katika dakika 20. Mwenye kijiti au kadi apate fungu moja kama mwingine, na si zaidi. Jambo hili lijadiliwe siku ambayo hakuna pesa mezani, kwa sababu siku pesa zitakapokuwepo kila mtu atakuwa ameshahesabu sauti zake.